Kabla ya Ikulu, Kenyatta aliigiza chifu kwenye filamu London

Kama ulisoma sekondari upande huu wa Mlima Kenya, iwe Meru, Chuka ama Embu, basi msimu wa maigizo unaujua. Mabasi ya shule yanaingia, nusu ya kikosi imejipaka unga kichwani ili ionekane ya wazee, na hapo katikati kuna yule jamaa wa Kidato cha Tatu aliyepewa nafasi ya chifu kwa sababu moja tu: ana mwili mkubwa na sauti nzito. Shule ikipenya hadi kitaifa na kushinda, inaalikwa kuigiza mbele ya rais. Wengi huwa hiyo ndiyo mara yao ya kwanza na ya mwisho kumwona rais ana kwa ana.

Sasa sikia hii. Rais wa kwanza wa nchi hii naye alipewa nafasi ya chifu. Hakuipata shuleni. Aliipata London mwaka wa 1934, akiwa mtu mzima, akidaiwa kodi ya nyumba, na aliikubali kwa sababu alihitaji hela.

Huyo ni Jomo Kenyatta. Ile sura ya kwenye sarafu tulizokua nazo, mzee mwenye ndevu na macho makali, ilikuwa na maisha mengine kabla ya ukuu, na sehemu kubwa ya maisha hayo ilikuwa ni kujifunza jinsi ya kusimama mbele ya watu.

Alizaliwa Ng'enda, Gatundu, miaka ya 1890, wakati ambapo hakuna aliyeandika tarehe ya mtoto kuzaliwa. Jina lake lilikuwa Kamau wa Ngengi. Mwaka wa 1909 alijiunga na misheni ya Waskoti kule Thogoto, akajifunza kusoma na useremala, na mwaka wa 1914 akabatizwa Johnstone. Miaka ya 1920 alikuwa Nairobi, mwajiriwa wa idara ya maji ya manispaa, na hapo ndipo utaanza kumwona yule Kenyatta tunayemjua. Jamaa alipenda luku. Alivaa mkanda wa shanga kiunoni ulioitwa kinyata, watu wakaanza kumtambua kwa mkanda huo, na hata duka lake dogo kule Dagoretti likaitwa Kinyata Stores. Fikiria kidogo: jina ambalo leo liko kwenye chuo kikuu, hospitali na barabara lilianza kama jina la nguo.

Chama cha Kikuyu Central Association kilimhitaji mtu anayejua kuandika na kusema. Mwaka wa 1928 akawa mhariri wa gazeti lao, Muigwithania, na mwaka uliofuata wakamchangia nauli ya meli aende Uingereza kupeleka malalamiko ya mashamba yaliyonyang'anywa na walowezi. Alirudi 1930, akaondoka tena 1931. Safari hiyo ya pili ilikusudiwa kuwa fupi. Alikaa miaka 15.

Miaka hiyo ya London ndiyo watu wengi huiruka wanaposimulia maisha yake, na mimi naona ndiyo yenye utamu. Usimfikirie kama balozi mwenye gari na dereva. Pesa za chama zilifika kwa kuchelewa au hazikufika kabisa. Aliishi katika chumba cha kupanga mtaani Pimlico na mara kwa mara alikuwa na deni la mwenye nyumba. Alienda Moscow, akasoma huko kwa muda kati ya 1932 na 1933, akarudi. Alipata kibarua Chuo Kikuu cha London cha kutamka maneno ya Kikuyu ili wataalamu wa fonetiki wachunguze sauti zake. Yaani alilipwa kwa kuongea. Kama wewe ni kijana wa Meru ama Embu uliyehamia Nairobi na unaunganisha vibarua vitatu ili landilodi asikufungie mlango, maisha hayo unayajua bila kuelezwa.

Ndipo ikaja filamu.

Mtayarishaji Alexander Korda na ndugu yake Zoltan, mwongozaji, walikuwa wanatengeneza Sanders of the River kutokana na hadithi za Edgar Wallace. Ni hadithi ya ofisa wa Kiingereza anayetawala eneo la mto huko Nigeria, na jinsi makabila yanavyotulia akiwepo na kupigana akiondoka. Wapiga picha walitumwa Afrika kwa miezi kadhaa kurekodi ngoma, mitumbwi na wanyama. Waigizaji wenyewe walibaki Uingereza. Kando ya mto Thames, kwenye studio za Shepperton, kulijengwa kijiji kizima cha Kiafrika. Ili kukijaza watu, walikusanywa Waafrika na Weusi wengine waliokuwa karibu: wanafunzi, mabaharia, makuli wa bandari kama Cardiff. Miongoni mwao alikuwemo Johnstone Kenyatta, akapewa nafasi ndogo ya mmoja wa machifu.

Jiulize ilikuwaje. Mtu ametumwa na watu wake kumwambia Mwingereza kwamba utawala wake umewaibia ardhi. Mchana anavishwa mavazi ya chifu wa kubuni katika filamu inayosema utawala huo huo ni baraka. Usiku anarudi Pimlico kuandika barua kwa magazeti na kwa Ofisi ya Makoloni. Unaweza kumhukumu. Ila kodi ya nyumba hailipwi kwa msimamo, na yeye hakuwa peke yake aliyeingia kwenye mtego huo.

Nyota wa filamu hiyo alikuwa Paul Robeson, na hapa inabidi nikusimamishe kidogo, kwa sababu Robeson alikuwa mtu wa ajabu. Alizaliwa 1898 Princeton, Marekani, mtoto wa mhubiri aliyezaliwa utumwani na kutoroka. Alikuwa nyota wa mpira wa Kimarekani chuoni, akasomea sheria Columbia, kisha akaacha sheria akaingia jukwaani. Sauti yake ya besi ilikuwa ya kutetemesha ukumbi. Mwaka wa 1929, akiwa tayari maarufu London, alikataliwa kuhudumiwa katika mkahawa wa hoteli ya Savoy kwa sababu ya rangi yake. Mwaka uliofuata alisimama katika ukumbi wa maigizo wa Savoy, ulioungana na hoteli hiyo hiyo, akaigiza Othello wa Shakespeare, jemadari Mweusi. Wazungu walionunua tiketi walimshangilia.

Kabla yake, mtu Mweusi aliyejulikana zaidi Ulaya kwa kuigiza Othello alikuwa Ira Aldridge, mzaliwa wa New York aliyehamia Uingereza miaka ya 1820 kwa kuwa kwao hakuna ukumbi mkubwa ambao ungempa nafasi. Aldridge alizunguka Ulaya hadi Urusi, akafia Poland 1867. Binti yake, Amanda, alikuwa bado hai London, na ndiye aliyemfunza Robeson matamshi ya Othello. Ona jinsi kazi hii inavyopokezanwa.

Robeson alipofanya kazi na Kenyatta alikuwa na kiu ya Afrika. Alijiandikisha katika chuo cha lugha cha London akajifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Aliamini Sanders itawaonyesha wazungu kwamba Waafrika wana utamaduni wao, kwa sababu aliziona zile picha za ngoma zilizorekodiwa huku kwetu na akazipenda. Filamu ilipotoka 1935, akakuta imekatwa na kuunganishwa kwa namna ambayo yeye, jitu lenye sauti ile, anabaki kuwa mtumishi mwaminifu wa ofisa wa Kiingereza. Marcus Garvey alimshambulia hadharani. Robeson mwenyewe aliikana filamu hiyo kwa maisha yake yote yaliyobaki. Baada ya hapo alichukua nafasi ya aina nyingine: Machi 1936 alikuwa jukwaani London akiigiza Toussaint Louverture, mtumwa wa Haiti aliyeongoza mapinduzi, katika tamthilia iliyoandikwa na C.L.R. James wa Trinidad. James na Kenyatta walikuwa pamoja mwaka wa 1935 katika kundi la kuitetea Ethiopia dhidi ya Italia. Mbogi yao ndiyo hiyo: mwigizaji, mwandishi, na ekstra mmoja kutoka Gatundu.

Na Kenyatta? Yeye hakuacha kuigiza. Alibadilisha tu mwongozaji.

Alijiunga na chuo cha London School of Economics chini ya Bronisław Malinowski, gwiji wa anthropolojia, akaandika kitabu kuhusu Wakikuyu: Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938. Jina lile la Johnstone akalitupa. Kwenye kitabu aliandika Jomo. Halafu kuna picha yake iliyowekwa kitabuni, ambayo naomba uitafute uitazame. Amevaa ngozi begani, ndevu zimeota, ameshika mkuki na kidole kinapima ncha yake. Mtu huyo huyo siku za kawaida alitembea London kwa suti, kofia na pete. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu avishwe mavazi ya chifu na Korda. Safari hii alijivisha mwenyewe, na maneno yaliyozunguka picha yalikuwa yake. Sisi tunaouona mlima huo tukiwa upande wa pili, na kuuita Kirimara kule Meru, tunaweza kulalamika kwamba kitabu kinauweka mlima kama mali ya jirani mmoja. Haki yetu. Lakini kama kazi ya kujijengea sura mbele ya dunia, ile picha si mchezo.

Vita Kuu ya Pili ilipita akiwa Storrington, kijiji cha kusini mwa Uingereza, akifanya kibarua cha shamba na kuwahutubia wanajeshi kuhusu Afrika. Alioa huko, akapata mtoto wa kiume. Oktoba 1945 alikuwa Manchester kwenye kongamano la Waafrika lililowakutanisha na akina Kwame Nkrumah. Septemba 1946 akapanda meli kurudi nyumbani.

Watu waliomsikia kwenye mikutano ya KAU baada ya hapo hawakuwahi kuona kitu kama kile. Alijua kunyamaza hadi umati utulie wenyewe. Alijua kuchezesha fimbo, kushusha sauti, kuipandisha, kutupa methali katikati ya sentensi. Kule Nyeri mnamo Julai 1952 umati ulifika maelfu kwa maelfu. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa inatazama, na usiku wa Oktoba 20, 1952 ikamkamata.

Kesi ilipelekwa Kapenguria, mbali na watu wake, na ikaendeshwa kama tamthilia ambayo mwisho wake umeshaandikwa. Aprili 1953 Jaji Ransley Thacker akamfunga miaka saba kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikiri miaka mitano baadaye kwamba alidanganya. Kule Marekani, chama cha Robeson, Council on African Affairs, kikafanya kampeni kuitetea Kenya. Robeson mwenyewe wakati huo hakuweza kusafiri. Serikali yake ilikuwa imemnyang'anya pasipoti mwaka wa 1950 kwa sababu ya siasa zake, na haikumrudishia hadi 1958. Waigizaji wawili wa filamu moja ya kusifu ukoloni, mmoja jangwani Lokitaung, mwingine amefungiwa ndani ya nchi yake.

Upande wetu, hali ya hatari haikuwa hadithi ya redioni. Serikali iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru kwenye kapu moja, wakapewa vitabu maalum vya utambulisho, na katika Operesheni Anvil ya Aprili 1954 wakafagiliwa Nairobi kwa maelfu na kupelekwa kambini. Watu walihamishwa kwa nguvu vijijini vilivyozungushiwa mitaro. Kambi za Mwea, wakati huo zikiwa ndani ya Wilaya ya Embu, zilijaa wafungwa waliochimba mifereji ambayo leo inamwagilia ule mchele unaokula. Kama una nyanya au babu aliyekuwa mtoto miaka hiyo, muulize kuhusu kijiji. Usishangae akinyamaza kwanza.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Juni 1, 1963 akawa waziri mkuu, Desemba 12 bendera ikapanda, na mwaka mmoja baadaye akawa rais.

Kuna picha ya wakati huo ambayo Wameru wengi wanaijua. Musa Mwariama, Fildi Mashali kutoka Meru, aliyepigana msituni bila kukamatwa, anatoka na rasta zake ndefu na kukutana na Kenyatta. Wanashikana kama ndugu. Kenyatta alijua kamera iko wapi, alikuwa anajua hilo kwa miaka thelathini. Ila picha haikuonyesha kilichofuata. Wapiganaji wengi walitoka msituni wakitarajia mashamba na hawakuyapata. Jenerali Baimungi wa Meru alikataa kuweka silaha chini kwa masharti hayo, na mapema 1965 aliuawa na vikosi vya serikali, serikali ya Kenyatta. Rais aliwaambia Wakenya wasahau yaliyopita. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa wewe ndiye unayeshika maikrofoni.

Kama rais, mavazi yake yalikuwa jukwaa tosha: mgwisho mkononi, kofia ya shanga, koti la ngozi, na wito mmoja wa Harambee ambao ungeitikiwa na uwanja mzima. Alipenda sana kutazama ngoma. Alipokuwa Ikulu ya Nakuru au Mombasa, vikundi vya wachezaji na kwaya za shule viliitwa kumtumbuiza jioni, na angeketi kuvitazama kwa muda mrefu. Kila jamii ilipeleka bora yake. Wachuka walikuwa na zile ngoma zao ndefu ambazo mpigaji huzibana kati ya miguu, hadi leo ukizisikia katika sherehe za kitaifa unajua zimetoka wapi.

Marais kupenda burudani si jambo geni. Abraham Lincoln wa Marekani, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1860, alikuwa akitoroka kazi kwenda kwenye kumbi za Ford na Grover mjini Washington. Alimpenda Shakespeare, hasa Macbeth. Alimwandikia barua mwigizaji James Hackett kumweleza maoni yake kuhusu tamthilia hizo, barua ikavuja, magazeti yakamcheka. Alimtazama Edwin Booth, mwigizaji aliyetukuzwa kuliko wote Marekani wakati huo, na Novemba 1863 alimtazama pia mdogo wake Edwin, John Wilkes Booth, akiwa jukwaani. Aprili 14, 1865, Lincoln akiwa amekaa kwenye kibanda chake katika ukumbi wa Ford akicheka mchezo wa kuchekesha, John Wilkes Booth huyo huyo aliingia kwa nyuma na kumpiga risasi. Mwigizaji alizijua njia za ukumbi na aliujua mchezo: inasemekana alingoja mahali ambapo watazamaji wangecheka kwa nguvu zaidi.

Kenyatta hakuwahi kutishiwa na mwigizaji mwenye bastola. Tishio lililomfikia mwishoni mwa maisha yake lilikuwa la wanakijiji wenye mistari waliyoikariri.

Lilianza na vijana wa chuo kikuu. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo waliandika tamthilia The Trial of Dedan Kimathi, kuhusu yule kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa Februari 1957. Mĩcere ni wa huku kwetu, mzaliwa wa Baricho, Kirinyaga, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Embu hadi 1963. Oktoba 1976 wakataka kuionyesha katika Jumba la Maigizo la Kitaifa, Nairobi. Miaka 13 baada ya uhuru, jumba hilo bado lilitoa nafasi nzuri kwa michezo ya kigeni, na tamthilia kuhusu shujaa wa Kenya ikapewa usiku chache tu. Walipopanda, watu walijaa. Wimbo wa mwisho ulipoanza, watazamaji waliungana na waigizaji na kutoka nao nje wakicheza. Robeson alikuwa amefariki Januari mwaka huo huo.

Kisha Ngũgĩ akafanya kitu kilichokuwa kigumu zaidi kuvumilika. Alitoka mjini akaenda Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kijiji kilichozaliwa na zile hamisha-hamisha za miaka ya 1950. Pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda, kwa Kikuyu, lugha ya watu wa hapo. Waigizaji walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, wamama, vijana wasio na kazi. Wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa miti na magunzi ya mbao, unaotosha watu takriban 2,000. Mazoezi yalifanywa hadharani, mzee akisikia neno limekosewa anasimamisha mchezo na kulirekebisha. Hadithi yenyewe ni rahisi: Kĩgũũnda ana hati ya shamba la ekari moja na nusu, ameitundika ukutani, na tajiri mmoja anaitaka.

Mchezo ulifunguliwa Oktoba 2, 1977. Watu walikuja kwa mabasi na kwa miguu. Novemba 16 serikali ikafuta kibali. Desemba 31 usiku, polisi wakafika nyumbani kwa Ngũgĩ. Alipelekwa Kamiti bila kushtakiwa, kwa amri iliyotiwa saini na makamu wa rais Daniel arap Moi, aliyekuwa pia waziri wa mambo ya ndani. Akiwa ndani akaandika riwaya nzima kwenye karatasi za choo.

Hebu tafakari ni nani aliyekuwa Ikulu wakati huo. Mtu aliyewahi kulazimika kuigiza hadithi ya wengine kuhusu watu wake ili apate kodi. Mtu aliyejua, kwa kuwa aliyaishi, tofauti kati ya kuvishwa vazi na kujivisha. Wale wa Kamĩrĩĩthũ walikuwa wamejivisha wenyewe, wakajiandikia wenyewe, na hadithi waliyoisimulia ilikuwa ile ile iliyompeleka London mwaka wa 1929: ardhi, na nani ameichukua. Katika toleo lao, aliyeichukua hakuwa Mzungu tena. Watetezi wa Mzee watakwambia alikuwa mgonjwa na mchovu, na kwamba wasaidizi ndio walioendesha mambo. Huenda. Lakini kibali kilifutwa na serikali yake, na mwandishi alilala jela miezi yote iliyobaki ya utawala wake.

Kenyatta alifariki Mombasa Agosti 22, 1978. Desemba 12 mwaka huo Moi, sasa akiwa rais, alimwachilia Ngũgĩ. Matumaini hayakudumu. Mwaka wa 1982 polisi waliubomoa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ hadi chini, na mwaka huo huo Ngũgĩ na Mĩcere wote wakaishia uhamishoni. Mĩcere alinyang'anywa uraia, akafariki Marekani Juni 2023. Ngũgĩ akamfuata Mei 2025, mwezi mmoja na ushee baada ya wasichana wa Butere kuondoka jukwaani Nakuru bila kuigiza mchezo wao, Echoes of War, huku nje mabomu ya machozi yakirushwa.

Sanders of the River bado ipo mtandaoni, ni filamu ya saa moja na nusu hivi, nyeusi na nyeupe. Utamtambua Robeson mara moja. Kenyatta utamtafuta: tazama pale machifu wanapokusanyika mbele ya ofisa, uwe na kidole tayari kwenye kitufe cha kusimamisha, kwa sababu anaonekana kwa sekunde chache tu, na jina lake halimo kwenye orodha ya waigizaji.